Njahi za Mama na Bomba la Chumba cha Tano

Kwanza niseme wazi: mimi njahi sizipendi, na sijawahi kuzipenda. Ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, ambayo watu wa kwetu upande wa Murang'a huyachemsha hadi yalainike kabisa, kisha huyaponda pamoja na ndizi. Ukizila unahisi kama umeramba ukuta wa udongo. Lakini katika ploti yetu ya vyumba vya kupangisha mtaani Umoja hakuna mwanamke aliyewahi kujifungua akakosa kulishwa njahi na mama yangu. Awe Mkikuyu, awe Mkamba, awe Mluhya aliyezoea mboga yake ya mrenda, mama alimfuata chumbani na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, akasimama mlangoni na kusema, "Kula, uongeze damu. Umemwaga nyingi." Na kubishana na mama yangu ilikuwa kujichosha bure.

Mimi nina saluni ndogo karibu na soko, na mdomo wangu wateja wanaujua. Wakisema nimezaliwa nao nawaambia hapana, nimerithi. Mama alikuwa landilodi, mwenye ploti, na landilodi mpole bado hajazaliwa mitaa ya Eastlands. Nyumba yetu ilianza ikiwa ya vyumba viwili tu, mojawapo ya zile nyumba za mpango zilizojengwa Umoja miaka ya sabini. Baba, aliyekuwa dereva wa lori na ambaye alitutoka zamani, akaongeza chumba upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha nyuma, kama alivyofanya kila mtu mtaani, mpaka ile nyumba ya kwanza ikamezwa na vyumba vya wapangaji. Ukipita nje leo huioni. Katikati palibaki ua wa saruji, na kwenye ua palikuwa na bomba moja na tangi moja.

Ule ua ndio utoto wangu. Jumamosi asubuhi ulinuka sabuni ya kipande na vitunguu vya mtu aliyeamka mapema kukaanga. Wanawake waliinamia mabeseni yao, wakianza umbea kwa Kiswahili na kuumalizia kwa lugha za makwao ili sisi watoto tusielewe, na sisi tulielewa yote. Redio ya chumba cha pili ilisikizwa na ploti nzima. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa makaratasi, na mpira ukiangusha shuka la mtu kwenye kamba, tulichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani. Haki ya nani, nikipewa siku moja tu ya kurudi mahali, nitarudi pale, hata kama ni siku ya kuchapwa.

Sasa niseme kilichonifanya niandike haya.

Mama alipata uvimbe kwenye utumbo mpana. Walimpasua wakautoa, tukaimba kanisani, tukachinja mbuzi. Kisha ukarudi, safari hii kwenye ini, na daktari wa saratani akasema mahali ulipokaa haungeweza kukatwa. Nilikuwa nimefunga saluni nikarudi kuishi na mama kwenye nyumba yetu ya katikati, nikilala kitanda nilichokilalia nikiwa msichana wa shule. Nilitaka jambo moja tu, nami sikulificha: mama yangu asife. Wengine husema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Mimi nilimwambia Mungu waziwazi kwamba hayo mapenzi yake tuyazungumzie kwanza.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana mdogo, ambaye angekuja saluni ningemwita "wewe mtoto". Lakini alikuwa na subira, na alizungumza na mama badala ya kuzungumza nami, jambo ambalo mama alilipenda. Akakunja ngumi ya mkono wa kushoto, akaifunika kwa mkono wa kulia.

"Mama, hii ngumi ndiyo uvimbe," akasema. "Na huu mkono wa juu ni nyama iliyouzunguka. Ni nyama yako nzima, mishipa yako ya damu, hata wale askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Hao hawana saratani. Lakini uvimbe umewashawishi wakaanza kuufanyia kazi. Wengine wanauficha, wengine wanaufungulia njia. Uvimbe ukisikia njaa unatuma habari, na mishipa mipya inachipuka kuuletea damu."

Mama akavua miwani. "Ati nyama yangu mwenyewe ndiyo inampikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Kweli asante ya punda ni mateke! Nimeilisha miaka yote hii!"

Daktari akacheka kidogo, kisha akaeleza tiba. Ile dawa kali ya kemo ingeendelea kuupiga uvimbe wenyewe. Pamoja nayo angempa dawa ya pili, ambayo uvimbe haiugusi kamwe. Hiyo inawashughulikia walio kando yake, inazuia ile mishipa mipya isichipuke, ili uvimbe ukose damu. Alituonya kwamba presha inaweza kupanda, pua inaweza kutoka damu, na kidonda hata kidogo kinaweza kukawia kupona. Alisema si muujiza. Wengine huwasaidia na wengine hapana. Na jambo la mwisho alilirudia: mwili wenyewe lazima uwe na nguvu. Uzito ukianguka sana au damu ikipungua, angelazimika kusimamisha dawa zote.

Hilo la mwisho mimi nililisikia. Mama, nadhani, alikuwa bado anawaza juu ya mpishi.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri kupimwa presha, akanigonga goti. "Nimemwelewa huyu mtoto. Ni yule mtu wa chumba cha tano."

Nikacheka mpaka nesi akatuangalia. Kisa cha chumba cha tano ploti nzima inakijua, na nitakieleza hapa kwa sababu bila hicho hamtamwelewa mama yangu.

Nilikuwa darasa la nne au la tano. Maji ya mji yalikuja kwa zamu, na siku ya zamu ndiyo siku ya kujaza tangi. Ghafla tangi likaacha kujaa. Bomba lilifunguliwa asubuhi nzima, na jioni ukipiga tangi kwa ngumi unasikia tupu hadi katikati. Mama akashuku wapangaji wanachota wakati wa usingizi. Akauliza kwa upole, ambao kwake ulidumu kama nusu saa. Kisha akapandwa na mori. Akaona dawa ni moja: kama ploti ina mwizi, mwizi asipate cha kuiba. Akaacha tangi likauke, akafunga vali yake kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani, akatangaza kwamba hakuna tone litakaloingia humo mpaka mwizi ajitokeze.

Mwizi hakujitokeza. Walioteseka ni wengine. Chumba cha kwanza palikuwa na mama mboga, Mkamba mmoja mwembamba aliyekuwa na kibanda cha mboga pale getini, na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Na nepi zilikuwa za kitambaa wakati huo. Yule mwanamke, mgongo bado haujakaza, alitembea hadi mtaa wa Mowlem kutafuta maji akayarudisha kwa mtungi wa plastiki mgongoni, mshipi ukiwa kwenye paji la uso, mtoto akilia nyumbani. Hakumwambia mama neno. Alipita uani, akamsalimia, akaingia chumbani mwake.

Aliyegundua mambo ni sukuma wiki. Kulikuwa na kiangazi kikali, mimea ya kila mtu imejikunja, lakini nyuma ya chumba cha tano sukuma wiki zilikuwa na majani kama masikio ya ndovu. Mama akazitazama. Akaingia ndani akatoka na jembe. Akachimba, na huko chini akakuta bomba jeusi lililopita chini ya ukuta hadi chumbani kwa yule mtu wa chumba cha tano, fundi wa redio, mtu wa salamu ndefu na viatu vinavyong'aa. Alikuwa na mapipa yaliyojaa hadi dirishani, na maji aliwauzia vijana wa kuosha magari kule barabarani. Na hili ndilo la kushika: bomba lake lilikuwa limeungwa kabla ya kufika kwenye tangi. Yeye ndiye aliyekunywa kwanza. Tangi lijae, tangi likauke, kwake ilikuwa sawa tu.

Mama akalikata lile bomba kwa msumeno wa chuma mbele ya kila mtu. Hakumfukuza. Alisema, "Kaa tu, baba, starehe." Biashara yake ikafa, mapipa yakaisha, na asubuhi moja tukaona mkokoteni getini na godoro lake juu. Jioni hiyo mama akapika njahi, akazipeleka chumba cha kwanza, ingawa siku za kumlisha mzazi zilikuwa zimeshapita. Nilikuwa nyuma yake nimeshika sahani. Akamwambia mama mboga, "Pole." Neno hilo lilikuwa likimtoka kwa shida sana mama yangu.

Kisa hiki alikisimulia miaka na miaka, harusini na matangani, na kila mara watu walicheka. Ila lile la kufuli alilisimulia kama sehemu ya ujanja wake. Na la mtungi wa Mowlem alikuwa analiruka.

Basi matibabu yakaanza, na habari zikazunguka. Eneo zima likakumbuka deni la njahi. Wanawake waliokuwa wapangaji wetu zamani walianza kuja, kutoka Huruma, kutoka Mowlem, mmoja hata kutoka Kitengela, kila mmoja na bakuli lake, wakimwita mama Shosho, yaani nyanya. "Shosho alinilisha nikijifungua wa kwanza." "Mimi alinilisha wa tatu, na alikuwa mapacha." Mama mboga, ambaye hakuwahi kuhama chumba cha kwanza hata baada ya watoto wake kuota ndevu, aliingia kila siku kabla hajafungua kibanda. Mkamba huyo sasa alipika njahi kuliko Wakikuyu. Wengine walileta bitiruti, wengine maini, wengine mchuzi wa mifupa. Kila kitu cha kuongeza damu kililetwa nyumbani kwetu. Mama aliwapokea wote, akawashukuru, akawabariki, akasema atakula wakiondoka kwa sababu kemo inamtapisha na anaona haya kula mbele ya watu.

Nami niliamini. Nilikuwa nimefungua saluni tena, natoka asubuhi na kurudi jioni, na jioni nilikuta bakuli zimeoshwa na kupangwa mezani.

Lakini mama alikuwa anaisha. Gauni la kanisani likawa linamzunguka mara mbili. Akisimama alishika ukuta. Nilijiambia ni kemo, kemo ni kali, kila mtu anasema. Kitu kimoja tu kilinishangaza, nacho hakikuhusiana na mama: askari wa geti letu alikuwa ananenepa. Alikuja kwetu akiwa mkavu kama fito, sasa ana mashavu. Nikamtania, "Wewe, umepata bibi anayejua kupika?" Akatazama chini akasema, "Ni Mungu tu, madam." Nikaendelea na safari yangu. Mjinga ni nani?

Siku ya kliniki iliyofuata daktari akatazama majibu ya maabara, akamtazama mama, akayatazama tena. "Mama, damu imeshuka sana. Siwezi kukupa dawa leo. Tukuongeze damu kwanza, na tuone kama tutaweza kuendelea wiki ijayo. Ikibaki hivi nitasimamisha kabisa."

Mama hakushtuka. Alikaa wima kama mtu aliyeletewa habari alizozitarajia.

"Damu sitaki," akasema.

"Mama?"

"Msiniongezee. Sitaki hata tone."

Daktari akavuta kiti karibu, akauliza kwa heshima kama ni mambo ya dini. "Dini gani?" mama akamjibu. "Kanisa langu halina shida na damu. Mimi ndiye nina shida. Wewe mwenyewe uliniambia huyu mtu anaishi kwa damu. Sasa nimemnyima, ninyi mnataka kumletea kwa chupa?"

Nikaanza kuona mashavu ya askari.

"Mama," nikasema, "zile njahi zote."

"Nilimpa yule kijana wa geti. Ana watoto."

"Na maini? Na bitiruti?"

"Pia."

Woi! Nilisimama nikaketi nikasimama tena. Nilimwambia maneno mbele ya daktari ambayo mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mzazi wake. Nilimuuliza kama alikuwa na wazimu. Nilimuuliza kama alitaka nimzike. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayemfundisha mpangaji mgeni sheria za ploti, "Wewe msichana. Kukiwa na mwizi kwenye maji, hujazi tangi. Mimi najua. Nilishafanya."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na hasira yote ikanitoka ikabaki huruma tupu. Alikuwa hajakata tamaa. Alikuwa anapigana! Wiki zote hizo, akiona sahani ya maini na njaa imemshika, alikuwa anapigana kwa silaha ileile aliyoijua, kufuli na ufunguo kifuani. Nilijua sauti ya daktari haitafika huko. Daktari alijaribu, alieleza vizuri kabisa kwamba dawa inaziba mishipa inayokwenda kwa uvimbe, na kwamba mwili mzima bado unahitaji damu yake. Mama aliitikia kwa adabu kama anavyomwitikia mhubiri wa mtaani.

Nikapiga magoti pale mbele ya kiti chake. "Mama, bomba la chumba cha tano lilikuwa limeungwa wapi?"

"Kwenye njia."

"Kabla ya tangi au baada ya tangi?"

"Kabla."

"Kwa hivyo ulipofunga tangi, yeye alikosa maji?"

Akaanza kukunja leso yake mapajani.

"Mapipa yake yalikuwa yamejaa hadi dirishani, Mama. Mwizi hunywa kwanza. Huyu pia anakunywa kwanza. Ukijinyima, yeye hajui hata kama umejinyima. Ulipofunga tangi ni nani aliyekosa maji?"

Alitazama mikono yake. Ilikuwa imebaki ngozi na mishipa. Akaitazama, na niliona anatembea na mama mboga, hatua kwa hatua, mpaka Mowlem na kurudi.

"Yule mtoto wa mama mboga," akasema mwishowe, "alilia sana wiki ile. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa namsikia, na ufunguo nilikuwa nao hapa." Akajigusa kifua. Machozi yakamtoka, na mama yangu hakuwa mtu wa machozi. Akamgeukia daktari. "Haya, mwanangu. Niwekee hiyo damu. Msumeno uko kwako, siyo kwangu."

Hospitali ikatuomba tulete watu wa kutoa damu ili kurudishia benki yao. Nilipeleka habari getini kwa mama mboga, ambaye hueneza habari haraka kuliko redio. Kesho yake kwenye foleni ya kutoa damu nikaikuta nusu ya ploti ya zamani. Na mbele kabisa, amekunja mkono wa shati, alisimama kijana mmoja mrefu kama mlingoti, mwendesha bodaboda, anaogopa sindano waziwazi, jasho linamtiririka. Ndiye yule mtoto aliyekuwa akilia nyuma ya ukuta. Mama yake alikuwa amemshika bega kwa nyuma asije akatoroka. Mama alipoambiwa, alifunika uso kwa leso.

Nyumbani kukawa na sheria mpya. Askari aliarifiwa, maskini, akarudi kwenye chai na mkate. Mama mboga alileta njahi na kukaa mpaka aone zimekwisha. Lakini mama bado alikuwa mama. Siku ya kwanza alisukuma sahani katikati ya meza.

"Nitakula. Lakini peke yangu sili. Wewe pia umekonda, unafikiri sikuoni?"

"Mama, unajua sipendi njahi."

"Na mimi sipendi kemo."

Mama mboga akacheka, akachomoa kijiko cha pili kwenye kabati akanikabidhi. Mama akachota, lakini hakula. Akanyoosha kijiko chake mdomoni mwangu kwanza. "Kula, mama," akaniambia. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, ndivyo desturi yetu ilivyo, na kwa sababu hiyo alipokasirika aliniita "wewe msichana", na aliponipenda aliniita "mama". Nikafumba macho nikameza. Udongo mtupu. Naye akachota kijiko chake akala. Kuanzia siku hiyo mama mboga alileta bakuli na vijiko viwili vimelazwa juu ya kitambaa, na mama hakugusa chakula mpaka nimeze cha kwanza.

Damu ilipanda. Dawa zikarudi. Presha ilisumbua, pua ilitoka damu mara kadhaa ikamharibia vitambaa vya kichwa, na kidonda cha kujikata kwa kisu cha vitunguu kilikaa kidoleni hadi tukakizoea. Lakini picha ilipopigwa tena, uvimbe ulikuwa umenywea. Mama alikuwa amemsimulia daktari kisa chote cha ploti, kwa hivyo akamuuliza, "Amehama?"

"Bado, Mama. Yumo ndani. Lakini maji yamekatika."

"Mwache akae, starehe," mama akasema. Daktari akacheka na mimi nikalia.

Tulipata msimu mzuri. Siwezi kuueleza vinginevyo. Mama alirudi kukaa uani asubuhi kwenye kiti chake cha chuma, akigombana na wapangaji juu ya taka na kelele, na kila akifoka nilisimama dirishani nikisikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. Ua umebadilika, nepi ni za kutupa, kila mtu ana simu yake na redio haisikizwi na ploti, watoto wanacheza ndani. Lakini aliyejifungua chumba cha sita alilishwa njahi. Mama alizipika mwenyewe akiwa ameketi, mimi nikiponda na yeye akinikosoa. Alipanda sukuma wiki nyuma ya chumba cha tano, mahali palepale, na alipenda kuniambia kwamba haziwezi kuwa kubwa kama zile. Krismasi ile watu walikuja wengi hadi vikombe vikatuishia.

Kisha uvimbe ukapata njia nyingine. Daktari alituambia bila kuzunguka: hawa huwa wanajifunza, ukiwazibia hapa wanachimba kule. Alikuwa amevua miwani yake, na safari hii mama ndiye aliyemshika yeye mkono. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akamwambia. "Hata mimi sikuweza kulinda bomba milele." Alifia kwenye kitanda chake, katika ile nyumba ya katikati, vyumba vyote vya wapangaji vikiwa vimenyamaza. Nilikuwa nimemshika. Nilikuwa nimemwambia Mungu tuzungumze kwanza, na nadhani tulizungumza. Alinipa ule msimu.

Tulimzika Murang'a, tukarudi Umoja. Siku za kwanza watu walijaa, kisha kama kawaida kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nikabaki na meza na viti. Saluni sikufungua. Sikupika. Nilikunywa chai ya rangi na kutazama ukuta, na nilikasirika na kila kitu, hata na jua kwa kuchomoza.

Asubuhi moja mlango ukasukumwa. Mama mboga hajawahi kubisha hodi kwetu hata siku moja. Alikuwa na bakuli, limefunikwa kwa kitambaa kilekile. "Umeisha," akasema. "Jitazame. Kula, uongeze damu."

"Sipendi njahi," nikamwambia. "Wewe unajua kwamba sipendi. Niache."

Akaweka bakuli mezani, na hapo sote wawili tukaona kwa wakati mmoja. Juu ya kitambaa vilikuwa vimelala vijiko viwili.

Mkono wake ukaenda haraka kuchukua kimoja, kikamponyoka kikagonga saruji. Akainama kukiokota na hakuinuka. Alibaki pale chini ameshika kijiko, mabega yanamtikisika, yule mwanamke aliyetembea hadi Mowlem bila kulia.

Nikamshika mkono nikamwinua. Nikakipangusa kile kijiko kwa kanga yangu, nikavuta kiti cha mama, nikamkalisha.

"Usikirudishe, Mama," nikamwambia. "Peke yangu sili."

Akachota. Hakula, akanyoosha kijiko mdomoni mwangu kwanza. Nikafumba macho nikameza.